Sura ya Nne: Ngozi Hulishwa kwa Ndani

Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa, mabaharia wengi waliokuwamo walikuwa hoi. Miezi michache kabla, wakiwa mtoni kwenye pwani ya Msumbiji, mikono na miguu yao ilikuwa imevimba, na fizi zikaota kupita kiasi hadi zikafunika meno, wasiweze kutafuna. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, miwa, malimau na machungwa tele. Wakala. Msafiri aliyeandika kumbukumbu za safari ile anaeleza kwamba wagonjwa wote walipona mjini humo, na sifa akazipeleka kwenye hewa ya Mombasa.

Wakati wa kurudi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kuvuka bahari kutoka India kuliwachukua karibu miezi mitatu kwa sababu ya shwari na upepo wa mbisho. Watu 30 walikufa njiani, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kushika kazi. Walipofika Malindi Januari 1499, jambo moja waliloliomba ni machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa na hamu nayo mno. Miili yao ilikuwa imeshatambua kitu ambacho madaktari wa Ulaya wangehitaji zaidi ya miaka 400 kukieleza.

Ugonjwa ule ni kiseyeye. Nimeanza nao katika sura ya ngozi na uzee kwa sababu hakuna ugonjwa mwingine unaoonyesha wazi namna hii kwamba ngozi ni kitu kinachojengwa kila siku kwa chakula, na kwamba ujenzi ukisimama, hata kilichojengwa zamani hubomoka. Katika msafara wa Mwingereza George Anson, uliong'oa nanga mwaka 1740, palikuwa na mzee mmoja aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne huko Ireland mwaka 1690. Majeraha yake yalikuwa yamepona kwa miaka 50. Kiseyeye kilipomwingia, makovu yale yalifumuka yakawa vidonda vibichi kana kwamba hayajawahi kupona, na mfupa wake uliokuwa umevunjika na kuunga ukaachana tena.

Miaka 50! Mtu huliona kovu lake kama jambo lililokwisha. Kumbe mwili haujamalizana nalo. Unalitengeneza upya bila kuchoka, uzi baada ya uzi, na siku malighafi ikikosekana kovu linakuwa la kwanza kuachia.

Uzi huo ni protini inayoitwa kolajeni. Chini ya tabaka la juu la ngozi, lile tunalolisugua tunapooga, kuna tabaka nene linaloipa ngozi nguvu na unyumbufu. Ukilikausha tabaka hilo, karibu robo tatu ya uzito wake ni kolajeni. Kila uzi wa kolajeni umetengenezwa kwa nyuzi tatu zilizosukwa pamoja, kama ukili unavyosukwa kabla ya kushonwa mkeka. Ili msuko huo ushike katika joto la mwili, sehemu fulani za protini lazima kwanza zifungwe oksijeni na haidrojeni. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya chenye chembe ya madini ya chuma ndani yake, na chuma hicho huchakaa upesi kisiporudishwa katika hali yake ya kufanyia kazi. Kinachokirudisha ni vitamini C. Isipokuwapo, nyuzi huzalishwa zikiwa dhaifu, haziwezi kushikamana, na nyingi huharibika kabla ya kufika zinakotakiwa.

Sasa tuweke umri juu ya hayo. Baada ya ujana, kolajeni ya ngozi hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Isitoshe, iliyopo hukaa muda mrefu: watafiti wa Uholanzi waliochapisha vipimo vyao mwaka 2000 walikadiria kwamba huchukua kama miaka 15 kwa nusu ya kolajeni ya ngozi kubadilishwa. (Ya kovu hubadilishwa upesi zaidi, ndiyo maana kovu la yule mzee lilitangulia.) Mtu wa miaka 60 amebeba ngozi ambayo karibu nusu ya kolajeni yake aliijenga akiwa na miaka 45 au kabla ya hapo. Kwa hiyo anayekuahidi ngozi mpya ndani ya wiki mbili kwa kidonge au unga hajui ngozi inavyofanya kazi, au anajua na anakudanganya.

Kwamba upungufu wa vitamini C huanza kujionyesha kwenye ngozi, tulithibitishiwa na daktari mmoja aliyejitoa mwenyewe. John Crandon, daktari kijana wa upasuaji huko Boston, mnamo 1939 alianza kula chakula kisicho na vitamini C hata chembe. Akaendelea hivyo miezi sita. Miezi mitatu ilipopita, wenzake walimchana mgongoni, na jeraha likapona kama kawaida. Baada ya siku zipatazo 130 ngozi yake ikawa kavu na yenye vipele vigumu kwenye vinyweleo. Wiki chache baadaye madoa madogo ya damu yakatokea miguuni. Mwezi wa sita wakamchana tena. Safari hii jeraha lilifunga juu tu; ndani hapakuwa na uponyaji. Akachomwa sindano za vitamini C, na jeraha lilelile likapona vizuri. Ninamheshimu sana Crandon. Alichokipata kwa mwili wake kimewafaa wagonjwa wasiohesabika waliolala kwenye meza za upasuaji baada yake.

Je, tunahitaji kiasi gani? Kidogo kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Huko Sheffield, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu waliojitolea chini ya usimamizi wa Hans Krebs walionyesha kwamba miligramu 10 kwa siku zatosha kuzuia kiseyeye. Kuzuia ugonjwa, hata hivyo, si sawa na kushiba, ndiyo maana mapendekezo yanayotumika Marekani ni miligramu 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume, na anayevuta sigara aongeze 35, kwa kuwa moshi huiteketeza vitamini hii. Ukivuka miligramu 200 hadi 400 kwa siku, damu inakuwa imeshajaa na ziada huishia chooni.

Gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200. Chungwa lina kama 50 kwa kiasi hichohicho cha nyama ya tunda, papai bivu kama 60. Ubuyu nao umejaliwa, ingawa kiasi hutofautiana sana kati ya mbuyu na mbuyu. Ninasikitika kila ninapoona mapera yakiozea chini ya miti vijijini huku dukani watu wakinunua vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Albert Szent-Györgyi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi yake juu ya vitamini hii, aliipata kwa wingi katika pilipili nyekundu zisizo kali zilizolimwa kando ya mji wake wa Szeged huko Hungaria. Alikuwa akizihangaikia tezi za wanyama, kumbe hazina ilikuwa sokoni.

Mboga za majani zinazo pia, ila jiko letu linazinyang'anya. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto. Mchicha uliochemshwa, maji yake yakamwagwa, kisha ukakaangwa, umebakiwa na kidogo. Afadhali kuukata ukishaoshwa, si kabla, kuuweka kwenye sufuria yenye moto na maji haba, na kuuepua ukiwa bado kijani. Kisamvu hakimo katika ushauri huu: hicho lazima kitwangwe na kichemshwe vya kutosha kuondoa sumu yake, na vitamini C itafutwe kwingine.

Kolajeni hutunza uimara wa ndani. Ukavu, ule wa ngozi kupauka na kuchanika visigino wakati wa kipupwe, una asili nyingine, na ufumbuzi wake uliletwa na panya. Mwaka 1929, mume na mke, George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliwalisha panya chakula chenye kila kitu kilichojulikana wakati ule kuwa cha lazima isipokuwa mafuta. Wanasayansi wengi waliamini kwamba mafuta ni nishati tu, na kwamba sukari ingeweza kuchukua nafasi yake. Panya wakapata magamba kwenye ngozi, mikia ikavimba na kuchubuka, kisha wakafa mapema. Tena walikunywa maji mengi kuliko wenzao, lakini mkojo haukuongezeka. Maji yalikuwa yakipotea kupitia ngozi yenyewe. Matone machache ya mafuta yenye asidi ya linoliki yaliwaponya.

Leo tunajua sababu. Tabaka la nje kabisa la ngozi limeundwa kwa seli zilizokufa zilizopangwa kwa karibu, na kati yake kumejazwa mafuta maalumu. Muhimu kuliko yote ni seramidi, na aina ya seramidi inayozuia maji kutoka hujengwa kwa asidi ya linoliki. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza asidi hiyo, lazima iliwe. Alizeti ya kawaida, ile inayokamuliwa Singida, zaidi ya nusu ya mafuta yake ni asidi ya linoliki. Ufuta unayo kama asilimia 40, karanga kama 30. Nazi ina asilimia 2 hivi tu. Mama zetu wa pwani hawakukosea kupaka mafuta ya nazi: juu ya ngozi hufunika na kuzuia maji yasitoroke. Lakini nyumba inayopika kila kitu kwa tui na kwa mafuta ya nazi itafanya vyema kuwa na ufuta au karanga mahali fulani katika wiki. Vijiko viwili vya mafuta ya alizeti kwa siku vyatosha kabisa. Hakuna faida ya kuogelea ndani yake.

Karanga zina kazi nyingine ambayo bara letu lilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wakiishi kwa mahindi ya msaada, walikosa karanga zilizokuwa katika mgao wao. Kufikia Oktoba, zaidi ya watu 18,000 walikuwa wameugua pelagra. Shingo, mikono na miguu, popote jua lilipogusa, ngozi iliiva, ikawa nyeusi, ngumu, ikabanduka. Kilichokosekana ni niasini, vitamini B3, ambayo ndani ya mahindi imefungwa kiasi kwamba tumbo haliipati. Ugali si adui. Ugali peke yake, siku baada ya siku, bila karanga, kunde, samaki wala nyama, ndiyo hatari.

Nije kwenye jua. Ngozi nyeusi ina bahati yake: melanini huchuja sehemu kubwa ya miale inayokata kolajeni, ndiyo maana makunyanzi hutukawilia kuliko yanavyowakawilia Wazungu. Haichuji yote, na mkulima au mvuvi wa miaka 60 anaweza kuona tofauti kati ya ngozi ya shingo yake na ile iliyofichwa na shati. Kofia na kanga hufanya kazi kubwa kuliko chakula chochote. Hata hivyo chakula husaidia kidogo. Watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, waliwapa watu gramu 40 za nyanya ya kopo kila siku pamoja na gramu 10 za mafuta ya zeituni. Baada ya wiki 10, walipoangaziwa miale ya jua la bandia, wekundu wa ngozi yao ulikuwa pungufu kwa asilimia 40 ukilinganishwa na wasiopewa nyanya. Utafiti ulikuwa mdogo, uliochapishwa mwaka 2001, na waliopimwa walikuwa weupe. Lakini jambo moja ndani yake linatuhusu moja kwa moja: likopeni, rangi nyekundu ya nyanya, hutoka vizuri nyanya ikipikwa na ikiwa na mafuta. Hiyo ndiyo rojo ya mchuzi wa kila jioni.

Rangi hizo zikitolewa kwenye chakula na kutiwa kwenye vidonge, hesabu hubadilika. Mwaka 1994 matokeo ya utafiti wa Finland yalitangazwa: wanaume zaidi ya 29,000 wavutaji sigara, baadhi wakimeza kila siku miligramu 20 za betakarotini, rangi ya karoti, kwa matumaini ya kuwakinga na saratani. Saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 kati ya walioimeza. Karoti na mawese hazijawahi kumfanyia mtu hivyo. Vitamini A ya vidonge nayo, ikizidi, hukausha ngozi na midomo, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Na unga wa kolajeni, unaouzwa sasa kuanzia Kariakoo hadi kwenye simu zetu? Tumboni kolajeni huvunjwavunjwa kama protini nyingine yoyote. Vipande vidogo huingia damuni, na mwili huvipeleka unapotaka. Zipo tafiti nyingi zilizosema unga huu hupunguza makunyanzi. Mwaka 2025 uchambuzi uliozikusanya tafiti 23 ulizitenga kufuatana na aliyetoa fedha. Zile ambazo hazikulipiwa na kampuni za dawa hazikuonyesha faida kwa unyevu, unyumbufu wala makunyanzi. Kwangu mimi hilo latosha. Pesa ya kopo moja la unga ule hununua trei kadhaa za mayai.

Siwezi kuiacha mikorogo. Cream nyingi za kung'arisha zinazouzwa kwa siri zina steroidi kali, na kazi mojawapo ya steroidi ni kuwazuia wajenzi wa kolajeni wasijenge. Ngozi inakuwa nyembamba, inachanika kwa kugongwa kidogo, michirizi inatokea mapajani na mikononi, na kidonda kinakawia kupona. Mwanamke anayekula mapera na karanga huku akipaka mkorogo anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Sukari hubomoa kwa njia yake pia: ikizidi damuni kwa muda mrefu, hujigandisha kwenye nyuzi za kolajeni na kuzifanya ngumu, na kwa kuwa nyuzi hizo hukaa miaka mingi, ugumu huo hulimbikizana. Wenye kisukari wasiodhibiti sukari yao wanaujua ugumu huo kwenye viganja vyao.

Haya yote huzungumzwa kana kwamba ni habari ya urembo wa watu wa makamo mjini. Nani hasa anayeumia kwa ngozi iliyokosa chakula? Ni bibi na babu. Ngozi yao imekwisha kuwa nyembamba. Wakigonga ukingo wa kitanda, inafunuka. Wakilazwa wiki mbili bila kugeuzwa, vidonda vya kulalia vinachimba hadi mfupa, na vidonda hivyo huua. Na ndio hao ambao, meno yakiisha, nyumba nyingi huwapunguzia chakula hadi kubaki uji mweupe asubuhi, chai na mkate mchana, ugali na maji ya mchuzi usiku. Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Tunadhani mzee hahitaji kula sana. Kwa nishati ni kweli anahitaji pungufu, lakini kwa protini ni kinyume: wataalamu wanapendekeza mtu aliyepita miaka 65 apate gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, wakati kijana hutoshelezwa na 0.8. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Uji mweupe na chai havikaribii hata nusu. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye pekee wa kumwuliza daktari kwanza.

Hakuna haja ya vitu vya gharama. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wakikaangwa bila mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa, unga wao huingia kwenye uji au mchuzi bila kuhitaji jino. Vijiko viwili vya unga huo na yai moja lililovurugwa vimeshasukuma gramu 15 hivi. Maharage yapondwe. Karanga zisagwe laini zikorogewe uji ukiwa bado jikoni, na hapo niasini na mafuta ya linoliki yameshapatikana pamoja. Zinki, inayohitajika seli zinapogawanyika kufunga kidonda, itatoka kwenye dagaa haohao. Papai lipondwe kwa uma. Chungwa likamuliwe anywe pamoja na nyuzinyuzi zake, bila sukari ya kuongeza. Ubuyu, kama utatiwa kwenye uji, usubiri sufuria iepuliwe na uji upoe kiasi cha kunyweka, ndipo ukorogwe humo, maana ukichemshwa nao vitamini C itaharibiwa na moto. Na mzee asiyetoka kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, hata akiwa anakula vizuri.